Breki Zimeshika

Lori likija kwa kasi kutoka upande wa Manyani, na dereva akayaona matuta ya Voi akiwa amekwisha chelewa, huacha nyuma yake harufu ya breki zilizoungua. Wengi hawaijali. Wanafunika pua, wanamtukana dereva kidogo, wanaendelea na safari zao. Mimi husimama. Ni harufu ya chuma kilichopata moto, na ndani yake mna uchungu fulani wa nywele zilizounguzwa, na ikinifikia, hata niwe nimebeba kikapu cha sokoni kinachonivunja bega, husimama papo hapo mpaka ipite. Mwanangu mkubwa, ambaye adabu zilimpita mbali, huniuliza kama nimeona jini. Yeye simjibu. Nawaambia ninyi, ambao hata mkinicheka sitawaona.

Nililelewa Voi miaka ya tisini, katika nyumba iliyokuwa na ua mpana kuliko vyumba vyake vyote. Mama yangu alifariki nikiwa ningali nanyonya, kwa hiyo nilikuwa mtoto wa watu wawili: Baba, Fundi Athmani wa magari, na mama yake, Bibi Mwanajuma, Mdigo aliyetoka Msambweni akamfuata mume wa reli huku bara na asirudi tena. Ua ulikuwa gereji ya Baba na jiko la Bibi kwa pamoja. Mpaka kati ya himaya hizo mbili haukuandikwa popote, lakini Baba akivuka na mikono ya grisi alifukuzwa kwa mwiko, na kuku wa Bibi wakivuka walirushiwa spana. Mimi nilipita kote bila kibali, maana nilikuwa nadekezwa na pande zote mbili.

Mtu wa tatu katika kisa hiki ni Mwakio. Alikuwa Mtaita wa Wundanyi, lakini alisomea Voi akikaa kwa jamaa zake jirani na nyumba yetu, na tangu akiwa mdogo chakula chake cha mchana kilikuwa kwa Bibi. Yeye na Baba walikula sahani moja, wakachapwa kwa mwiko mmoja. Alipokuwa mtu mzima alifanya biashara ya kuteremsha mboga za milimani kupeleka Mombasa, akanenepa, akafuga masharubu, lakini akifika kwetu bado alipekua sufuria kabla hajasalimia. Bibi alimwita mwanangu, naye alimwita Mama, na watu wageni waliokuwa hawajui walishangaa Mtaita Mkristo huyu ametoka wapi katika ukoo wa Kidigo.

Mwaka mmoja, mzungu wa shamba la mkonge alipokuwa akifunga virago kurudi kwao, Mwakio alinunua kwake kigari cha mbio cha zamani. Kilikuwa cha kijani, viti viwili, hakina paa, kimeundwa enzi ambazo Mwakio na Baba walikuwa wakiendesha magurudumu ya waya. Walikikokota hadi uani kwetu kwa kamba. Bibi alikizunguka, akakitazama juu na chini, akauliza, "Hili gari au kiatu?" Toka siku hiyo kikaitwa Kiatu.

Injini ya Kiatu ilikuwa nzima. Kilichokufa ni breki. Miaka mingi ya kulala bandani ilikuwa imezila kalipa zake, yaani vile vyuma vinavyokaa kwenye magurudumu na kuibana sahani ya breki kwa pande mbili unapokanyaga. Ndani ya kalipa mna pistoni, na kila pistoni imevishwa mpira mwembamba wa mviringo unaozuia mafuta ya breki yasivuje, na mpira huo huo ndio unaoirudisha pistoni nyuma unapoachilia pedali. Haya Baba alinieleza mimi, mtoto wa kike wa miaka tisa niliyekuwa nachambua mchele, kwa sababu hakuweza kufanya kazi bila kuieleza kwa mtu.

Sasa, mafundi wengi mjini wangeimaliza kazi ile kwa wiki moja. Pini inayoshikilia pedi imekatika? Kata msumari. Springi ndogo haipo? Funga waya. Baba naye alikuwa amekwisha funga waya nyingi katika maisha yake, hakuwa malaika. Lakini Kiatu alikikatalia.

"Msumari ni wa mbao," alisema. "Mwakio, ukitaka misumari nenda kwa seremala."

"Mimi nimesema misumari?" Mwakio alijibu. "Hii gari nataka ikae vile ilitoka kiwandani. Kila nati. Hata kama itakaa hapa mpaka Isha aolewe."

Isha ndiye mimi. Wakaagiza spea orijino kutoka ng'ambo kupitia duka moja la Mombasa, na tukasubiri. Mvua za masika zikaja zikapita. Wapita njia walisimama kwenye ua wakamwambia Baba kwamba mchagua jembe si mkulima, naye akawaambia wao hawana hata mpini. Muda wote huo alizisafisha kalipa. Alizifungua, akaziloweka kwenye petroli, akazisugua kwa brashi ya waya kisha kwa msasa mpaka chuma kikaonyesha rangi yake ya kwanza. Ilinipa raha kumwangalia. Nyakati nyingine alikuwa mtu wa pupa, anakula amesimama, anaswali kama anayefukuzwa, na Bibi hakuacha kumkumbusha. Lakini juu ya zile kalipa alikuwa mtu mwingine kabisa.

Kisanduku kilipofika, Baba alinawa mikono kwa sabuni, akatandika kitambaa cheupe, akapanga kila kitu juu yake: pini, springi, bolti za rangi ya manjano iliyofifia, na ile mipira myeusi. Hakuna kilichopungua. Mwakio, aliyekuwa ameteremka siku hiyo kwa ajili ya kisanduku tu, alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri akavitazama. Bibi alisema hata mahari yake hayakupokewa kwa heshima ile.

Baba akaiweka mipira kwenye bakuli lenye mafuta ya breki kidogo, ilainike kabla ya kuivisha. Na hapo ndipo pikapu ilipokuja kumwita. Basi la abiria limekwama Maungu, watoto wanalia juani, njoo sasa hivi. Baba akanyakua mkoba wa spana. Upepo wa Voi ulikuwa umeanza mambo yake ya vumbi, na kuku mmoja alikuwa ameshavuka mpaka. Akiwa tayari amekalia ubao wa pikapu, Baba alipaza sauti: "Mama! Hiyo mipira yangu isikauke! Itie mafuta, mafuta safi!"

"Nenda, mwanangu, nimesikia," Bibi akasema.

Alipolifikia bakuli, lilikuwa na vumbi na nzi mmoja amezama. Bibi alisikitika. Akayamwaga yale maji ya manjano, akaliosha bakuli kwa sabuni na majivu, akaifuta mipira mmoja mmoja kwa upindo wa leso yake. Kisha akaingia ndani akatoka na chupa ya mafuta yake ya nazi. Hayo hayakuwa ya dukani. Nazi zililetwa na jamaa kwa gari la moshi, akazikuna mwenyewe, akakamua tui, akalichemsha kutwa nzima mpaka mafuta yakapanda juu meupe pe. Alituwekea akiba, kwa nywele zangu na kwa wageni wa maana. Akayamimina yakaifunika mipira yote, akalifunika bakuli kwa kawa. Nilikuwa pale nikimwangalia, na nilichowaza ni kwamba nywele zangu zimepunjwa.

Baba alirudi kesho yake jioni, mafua ya vumbi yamembana hata harufu ya samaki hakuisikia. Asubuhi akaanza kufunga. Alichokiona ndani ya bakuli ni mafuta maangavu na mipira laini, basi akaivisha. Ilibana kidogo. "Vitu vipya hubana," aliniambia. "Kiatu kipya pia hubana." Akacheka mwenyewe kwa mzaha wake. Akatia pini zake, springi zake, bolti zake, akajaza mafuta ya breki mapya, akatoa hewa. Siku nne tano alikizungusha mjini, hadi stesheni na kurudi, na kila alipokanyaga Kiatu kilisimama kwa utii. Mwakio akaja, akamkumbatia Baba, akambusu Bibi mkono, akapanda nacho Wundanyi masharubu yakipepea.

Siku iliyofuata makanga, mpokea nauli wa matatu iliyotoka huko, alichungulia juu ya ua wetu. "Fundi! Mwakio anasema breki zimeshika!"

Baba alipiga makofi. Bibi akapiga kigelegele kilichowatisha kuku. Kwetu, mtu akisema breki inashika, anaisifu, na hakuna aliyewaza zaidi. Baba akamjibu makanga palepale: "Mwambie ahsante! Mwambie ashuke Jumapili, Mama atampikia pilau!"

Jumapili Mwakio akashuka.

Nyote mnaoijua barabara ile ya kutoka Wundanyi hadi Mwatate mnazijua kona zake, jinsi zinavyofuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Mipira iliyolowa mafuta ya nazi ilikuwa imevimba. Pistoni zilitoka na hazikurudi. Breki zilikuwa zimeng'ang'ania sahani tangu alipokuwa akipanda, na sasa zikapata moto, mafuta ya breki yakachemka, na katikati ya mteremko pedali ikashuka hadi chini, tupu. Mwakio alichagua ukingo wa mlima badala ya bonde. Hilo ndilo lililomwachia uhai. Paja lake lilivunjika vibaya, na mpaka leo, waliobahatika kumwona akitembea wanajua fimbo yake inavyotangulia.

Pilau ilikuwa imeiva. Bibi aliwapakulia majirani, bila kula hata punje.

Walipokileta Kiatu uani, kimekunjwa pua, Baba hakumruhusu mtu kukigusa. Alifungua gurudumu, akaifungua kalipa, akaisukuma pistoni nje kwa shida. Mafua yalikuwa yamekwisha kitambo. Aliuweka mpira ule puani, akaunusa. Akausugua kati ya vidole. Kisha akaniita, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Isha. Nani alilishika bakuli langu siku ile ya Maungu?"

"Bibi. Lilikuwa chafu. Akatia mafuta safi."

Mbele yetu, ng'ambo ya mpaka, Bibi alikuwa akipuliza moto huku akimwombea Mwakio kwa sauti. Baba aliuzungushia mpira ule kitambaa akautia mfukoni. "Maneno haya yamekufa," akaniambia. "Wewe na mimi tumeyazika. Umesikia?"

Niliogopa, nikasema nimesikia.

Kaka yake Mwakio alikuja na wazee wawili wa kwao. Walikaa kwenye mkeka, Bibi mlangoni na mtandio wake usoni. Yule kaka hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga.

"Fundi, ile spea ilikuwa orijino ama ulimwekea feki?"

"Ilikuwa orijino."

"Basi nini? Ndugu yangu anasema alikutumia ujumbe. Alikuambia breki zimeshika, gurudumu haizunguki vizuri, moto kama jiko. Akauliza afanye nini. Wewe ukamwambia ashuke mle pilau."

Niliona Baba akilielewa lile neno kwa mara ya kwanza. Makanga alikuwa amelileta nusu, na sisi tukaipokea nusu ile kwa vigelegele. Akasema, "Kosa ni langu. Msimtafute mwingine."

Hapo Bibi akanyanyuka. Sijawahi kumwona vile, si kabla wala baada. "Mwakio nimemlisha kwa mkono huu!" alimwambia Baba mbele ya wageni. "Nimekulea nikikuasa, haraka haraka haina baraka. Kazi ya roho za watu unaifanya mbiombio, unakimbilia Maungu, unakimbilia wapi! Umemvunja ndugu yako, Athmani. Umenivunja na mimi."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno, mafuta yako, Bibi, ni mafuta yako, na Baba akageuka akanitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama kama anayeniomba.

"Isha," alisema, "waletee wageni maji." Kisha akamgeukia mama yake akainamisha kichwa. "Ni kweli, Mama."

Nikaenda kuchota maji, nikalia juu ya mtungi.

Kazi ilianza kupungua, kisha ikakatika. Mji wetu ulikuwa mdogo na ulimi wake mrefu. Madrasa watoto waliniita binti wa Breki Zimeshika, na nikapigana, na nikapigwa. Baba alifunga gereji akaenda kutengeneza matrekta ya watu shambani kwenye mkonge. Mwakio alipoanza kutembea alikuja kumwona Bibi, sukari na majani mkononi, akampita Baba uani bila salamu. Waliokuwa wakila sahani moja! Bibi alimshika mikono akimsihi amsamehe mwanawe mzembe, naye Mwakio alimwambia, "Mama, wewe usijisumbue, wewe hukunikosea." Baba alikuwa amesimama nyuma ya mlango, akayasikia yote.

Nilimkasirikia miaka mingi, nawaambia wazi. Yeye ndiye aliyenichapa kwa kusema uongo kuhusu sukari iliyorambwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba Mwislamu anaweza kuwa na kila dosari lakini asiwe mwongo. Na hapo nilimwona amesimama juu ya uongo mkubwa kama nyumba, na heshima yetu imezikwa chini yake. Nilijua kwa nini, sikuwa mjinga. Alikuwa akimficha mama yake. Lakini niliuita uongo, na nilidhani kila alipomwambia Bibi "ni kweli" alikuwa akimeza sumu.

Alikuwa pia ameanza tabia moja iliyonichosha. Hakulisema tena neno mafuta likiwa peke yake. Tukiwa mezani alisema nipe mafuta ya kupikia. Dukani aliagiza mafuta ya taa, ya kwenye taa, ya kuwasha. Muuzaji alimwuliza kama kuna mafuta ya taa ya kunywa. Nilimwona anazeeka kabla ya wakati, anakuwa msumbufu wa maneno, na nilipoolewa nilimwiga mbele ya mume wangu tukacheka mpaka machozi.

Bibi alipolala kitanda chake cha mwisho nilikwenda kumwuguza. Baba, kichwa kimekwisha kuwa cheupe, alikaa miguuni pake. Ngozi ya miguu ile ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Isha," akaniambia, "niletee mafuta ya nazi. Ya kupaka. Yale ya kwenye chupa ya dirishani."

Nilikuwa nimekesha, sikuwa na subira. "Baba, sema mafuta tu. Chumba hiki hakina mengine."

Bibi aliposinzia, Baba alinigusa bega tukatoka barazani. Nilijiandaa kukemewa.

"Mama yangu hakukosea kitu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia mafuta safi. Nilikuwa na pupa ya kuondoka, nikalitupa neno nusu kutoka garini. Naye akanipa yaliyo safi kuliko yote aliyokuwa nayo."

Alisema hivyo tu, akarudi ndani. Nilibaki barazani. Nilikuwa nimempa mzigo wa mwongo tangu nikiwa na miaka tisa, nikaubeba pamoja naye kwa kinyongo, nikaona ni mapenzi yaliyomfanya adanganye. Kumbe mapenzi yalimfanya anyamaze tu kuhusu mafuta ya nazi. Aliyoyatamka yote, mbele ya wazee, mbele ya mama yake, ndiyo aliyoyaamini moyoni mwake, neno kwa neno, na mimi niliyekuwa na siri ndiye nisiyeijua.

Nilipoingia alikuwa amekwisha anza. Nilipiga magoti upande wa pili, yeye akapaka mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Bibi alifumbua macho nusu.

"Taratibu, Athmani," alisema kwa sauti iliyokuwa imebaki nyembamba. "Haraka zako hizo ndizo zilizomvunja Mwakio mguu."

"Ni kweli, Mama," Baba akasema, akachovya tena vidole kwenye mafuta. Mara hiyo nilimwamini.